Mkuu na Kifungu cha Kumi na Nne

Mkuu wangu wa kazi hakuwa mtu wa kusoma waraka ameketi. Ukimpelekea kurasa themanini ulizozihangaikia wiki nzima, alizichukua, akaenda dirishani, akasimama na penseli mkononi kama mtu anayesubiri basi, akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sisi tuliokuwa chini yake tulijifunza kuitazama ile penseli. Ikitulia, umepona. Ikishuka, utarudia ukurasa. Ikishuka mara ya pili mahali pale pale, aligeuka na kuuliza swali lake:

"Hili umeliona, au umeambiwa?"

Ukijibu umeambiwa, alikurudishia karatasi zote, hata zile nzuri, na kukwambia nenda kaone. Aliwahi kumpandisha ndege kijana mmoja Mkenya kwenda kuhesabu malori ya kampuni fulani, kwa sababu tu kitabu cha kampuni kilisema yapo mia moja na ishirini. Kijana alikuta sabini na mawili, mengine yamekalia matofali. Mkuu hakumsifu. Alisema, "Sasa andika."

Tulikuwa Johannesburg, ghorofa ya kumi na saba, kwenye benki kubwa ya uwekezaji. Watu wa kwetu waliposikia benki walifikiri nakaa nyuma ya kioo nahesabu noti. Nilikaa pale miaka kumi na mitatu, na mezani kwangu haikupita noti hata moja. Likizo moja mama yangu, pale kijijini kwetu Misima, aliniuliza huku anachambua mboga:

"Sasa hiyo benki yenu inafanya nini hasa?"

"Mtu akitaka kuuza kampuni yake, mama, tunamtafutia mnunuzi, tunaandika makaratasi, tunakaa katikati mpaka wakubaliane."

"Kampuni si yako?"

"Si yangu."

"Na anayenunua humjui?"

"Simjui."

"Dalali," akasema, akaendelea na mboga zake.

Nilipomsimulia Mkuu, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema mama yangu amelisema kwa neno moja jambo ambalo sisi tunatumia kurasa arobaini kulificha. Kuanzia siku hiyo, kila nikirudi kutoka likizo, aliniuliza kwanza habari za mama.

Mkuu alikuwa Msambaa, wa milimani juu ya Korogwe, njia ya kupandia Dindira kisha mbele zaidi, kijiji ambacho sitakitaja. Mimi Mzigua wa tambarare kavu za Handeni. Nilipoanza kazi nilifurahi kumkuta mtu wa karibu na nyumbani, nikamwamkia mbele ya watu, "Shikamoo, dada." Hakuitikia. Baadaye, kwenye lifti, tukiwa wawili, aliniambia, "Humu ndani mimi si dada yako. Mlango wa lifti ukifungwa, niite unavyotaka." Basi ikawa hivyo kwa miaka yote. Kwenye lifti, shikamoo dada, marahaba mdogo wangu, mvua zimenyesha huko kwenu? Mlango ukifunguka ghorofa ya kumi na saba, Kiingereza, na penseli.

Nataka kusema kazi ile ilikuwaje, kwa sababu bila hivyo huwezi kumwelewa. Ilikuwa tamu, na ilikula watu. Tulikula mezani, tulifua mashati kwa kulipa watu, tuliwajua wanasheria wa upande wa pili kwa kikohozi cha kwenye simu zaidi ya tulivyowajua watoto wetu. Halafu siku moja unasikia kwenye taarifa ya habari kwamba kampuni hii imenunua ile, mtangazaji anasoma sentensi ambayo wewe uliiandika, na unajiona mrefu kuliko jengo. Binti yangu alianza kutembea, mke wangu akanitumia video. Niliitazama kwenye mkutano, simu nimeificha chini ya meza, sauti nimeizima.

Kitu kingine cha kazi ile kilikuwa lugha yake. Wafanyakazi waligeuka kuwa nguvukazi, kisha gharama, kisha asilimia. Mkuu alilichukia jambo hilo. Kwenye kitengo chake ukiandika "gharama za nguvukazi zitapunguzwa", alikata kwa penseli na kuandika pembeni: watu wangapi wataachishwa kazi? Wakuu wa vitengo vingine walimcheka. Wateja walimheshimu, wakadhani ni mbinu. Nami nilidhani ndivyo dhamira yake ilivyo, na kwa muda mrefu nilijivunia kuwa chini yake.

Alikuwa na huruma ambayo hakutaka ionekane. Mwenzetu mmoja mke wake alishikwa na uchungu wiki ya kukabidhi kazi. Mkuu alimnyang'anya kompyuta, akamsukuma mlangoni, akaimaliza kazi yake mwenyewe, na kwenye barua ya kukabidhi akaacha jina la yule baba peke yake. Lakini mtu huyo huyo, nilipofiwa na baba, alinikatia tiketi kwa mkono wake, akanishika bega kwenye lifti, akaniambia nikazike kwa utulivu. Siku ya tatu, Misima, tumekaa kwenye majamvi tunasoma hitma, simu ikalia. Alikuwa yeye. Alitaka kujua takwimu moja iko jedwali lipi. Niliinuka mbele ya baba zangu wadogo wote, nikaenda nyuma ya jiko, nikamjibu. Niliporudi hakuna aliyenitazama, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutazamwa.

Niliporejea kazini nilikuwa nimeiandaa hasira yangu. Akaniwahi.

"Ulikosea kupokea ile simu," alisema.

"Wewe ndiye uliyepiga, Mkuu."

"Ndiyo. Nilikosea kupiga. Na wewe ulikosea kupokea. Kosa langu halifuti lako."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuomba radhi, wala hakujificha.

Sasa niseme la kiwanda. Mwaka wangu wa sita, familia moja ya kigeni iliyokuwa na viwanda vya chai sehemu mbalimbali iliamua kuuza vyote, ikaja kwetu. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kijijini kwa Mkuu. Wakulima wadogo wa milima ile walikuwa wakikipelekea majani kwa miaka mingi. Mama yake mwenyewe alikuwa na shamba la chai pale. Kanuni ya benki ilikuwa wazi: mwenye ndugu anayeguswa na kazi aseme, akae pembeni. Hakusema. Mimi nilijua, nami sikusema.

Alinieleza sababu kwenye lifti, ghorofa zikishuka. "Nikikaa pembeni, atapewa mtu asiyejua hata pale ni wapi. Nikiwemo, naweza kuwawekea kitu."

Akanituma mimi kwenda kukagua. Yeye, aliyewapandisha watu ndege kwenda kuhesabu malori, safari hiyo alisema ana kazi nyingi. Alinipa miwani ya kusomea na sweta nimpelekee mama yake. Nilikwenda. Nikaona mitambo mizee lakini inayozunguka, na akina mama wamepanga vikapu kwenye banda la kupimia majani, wanataniana Kishambaa. Mama yake alinikaribisha ndani, akajaribu miwani palepale kwa kusoma kalenda ya ukutani.

"Mwanangu anakula?" aliniuliza.

"Anakula, bibi."

"Mmekuja kukitengeneza kiwanda?"

"Tumekuja kukiangalia tu, bibi."

"Basi kiangalieni vizuri," alisema. "Hapa wote tunakitegemea."

Nilirudi na ripoti ya ukweli. Kiwanda kile kilikuwa cha mwisho kwa faida kati ya vyote, na mnunuzi yeyote mwenye akili za kibiashara angekifunga ili abaki na vile vikubwa. Mkuu akasoma amesimama. Kisha akaandika kwa mkono wake kifungu cha kumi na nne cha mkataba: mnunuzi atakiendesha kiwanda hicho na kununua majani ya wakulima wadogo kwa miaka isiyopungua mitano. Alikipigania kwa wiki nyingi. Nilimsikia akibishana na wanasheria kwa sauti ya chini ile iliyokuwa inawatisha watu. Wauzaji walikubali. Mnunuzi akanung'unika, akaonekana amekubali. Viongozi wa chama cha wakulima waliitwa Korogwe mjini, wakasomewa rasimu, wakarudi kijijini na habari njema.

Asubuhi ya kusaini, mwanasheria wa mnunuzi alileta ujumbe mfupi: kifungu cha kumi na nne kitoke, au waondoke mezani. Biashara yote ingekufa. Kitengo chetu kilikuwa kimefanya kazi hiyo karibu mwaka mzima, na juu ya Mkuu walikuwepo watu ambao hawakuwa wakisoma ila ukurasa wa mwisho. Alikwenda dirishani bila karatasi yoyote. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, mkataba uko wazi mbele yangu.

"Futa," alisema bila kugeuka.

"Chote?"

"Chote. Na namba za vifungu vinavyofuata uzirekebishe, zisiruke."

Nikafuta. Nikarekebisha namba. Kumi na tano ikawa kumi na nne, kumi na sita ikawa kumi na tano, mpaka mwisho, na ukisoma mkataba ule leo huwezi kujua kwamba palikuwa na kitu. Ilinichukua dakika chache. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema japo, "Dada, tufikirie," hata kama hatukuwa kwenye lifti. Sikusema. Saa sita mchana wakasaini. Mwaka huo tulipandishwa vyeo, yeye na mimi.

Kiwanda kilifungwa baada ya misimu miwili. Majani yalivunda kwenye lile banda. Watu wakang'oa chai, wakapanda maharage na viazi, wengine wakaacha mashamba, wakashuka Korogwe na Segera kutafuta vibarua. Mama yake alifariki mwaka uliofuata. Mkuu alikwenda kuzika, akarudi baada ya siku tatu, akaingia moja kwa moja kwenye mkutano. Hakuniambia lolote la huko. Kwenye lifti nilimpa pole, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo, kule kazini, hatukuzungumza tena Kiswahili.

Ningependa kuandika kwamba aliacha kazi kwa uchungu wa jambo lile. Haikuwa hivyo. Benki ilipunguza watu, naye akawemo. Jumatatu moja kadi yake haikufungua mlango, akashushwa ghorofa ya chini kwenye chumba kidogo, akapewa barua. Vitu vyake vilifuata kwenye boksi. Meza yake, ya karibu na dirisha, nikapewa mimi. Nilikaa hapo miaka mitatu zaidi, kisha nami nikapunguzwa, nikarudi nyumbani. Sasa nina duka la pembejeo Handeni mjini, jirani na familia ya Kihindi inayouza vifaa vya ujenzi. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Wafugaji wa Kimaasai wananiita Bwana Benki, na sijui nani aliwaambia.

Mwaka jana, kabla ya masika, mteja mmoja kutoka milimani aliniambia kwamba kamati ya wakulima wa kule, ile inayodai kiwanda kifunguliwe, inasaidiwa na mama mmoja aliyekuwa mtu mkubwa benki ya Afrika Kusini. Nilifunga duka siku ya pili. Nikapanda basi la Korogwe, na kutoka Korogwe nikapanda pikipiki hadi juu, barabara ikiwa imechimbika, mashamba ya chai yamegeuka vichaka virefu kuliko mtu.

Nilimkuta uani anaosha viatu vya mvua. Alikuwa amezeeka vizuri, nywele nyeupe, kanga kiunoni. Alinitazama kidogo.

"Mtu wa Misima."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Tukaingia ndani. Hatukuzunguka. Nilimwambia sijapata siku ya kutulia tangu asubuhi ile. Alisema yeye alikuwa amepata, siku nyingi tu, mpaka aliporudi hapa kuishi. Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelijua.

Kiwanda kilipofungwa, watu walikumbuka kwamba waliahidiwa miaka mitano. Wakauliza ahadi imekwenda wapi. Ikaonekana haimo kwenye mkataba. Wakaamua kuwa mwenyekiti wa chama chao wakati ule, yule mzee aliyekwenda Korogwe kusomewa rasimu, alihongwa ili kifungu kitolewe. Alivuliwa uenyekiti. Watu waliacha kumwamkia. Mke wake alipofariki, waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wanawe na wakwe zake tu.

"Miaka yote hiyo?" nikauliza.

"Miaka yote hiyo. Na wananiomba mimi, kwa kuwa najua makaratasi, niwatafutie ushahidi wa hongo." Alifuta mikono kwenye kanga. "Leo alasiri wana kikao shuleni. Nitawaambia."

"Wote?"

"Mtu aliyeaibishwa mbele ya wote utamsafisha mbele ya nani?"

Nilimfuata. Darasa lilijaa, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Yule mzee alikuwepo, nyuma kabisa karibu na mlango, dawati zima peke yake. Mimi nilikaa pembeni, karibu na dirisha. Mwenyekiti wa kamati alifungua kikao, akampa Mkuu nafasi.

Alisimama. Hakuwa na karatasi.

"Mmenituma nitafute nani aliyetoa ile ahadi kwenye mkataba," alisema. "Sikuhitaji kutafuta. Niliitoa mimi. Benki iliyouza kiwanda ndiyo niliyofanyia kazi. Ile ahadi niliiandika mimi, na siku ya kusaini wanunuzi walikataa, nikaitoa. Mzee wetu pale nyuma hakupewa kitu na mtu. Hata hakujua."

Mama mmoja wa makamo, kikapu miguuni, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Ulikuwa unajua ni sisi?"

"Nilijua."

"Mama yako alikuwa anapeleka majani na sisi."

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza mpaka leo. Ukaja msibani, ukala na sisi."

"Ndiyo."

Yule mzee aliinuka kule nyuma taratibu, akishika ukingo wa dawati. "Kwa hiyo si mimi," alisema. Hakumwambia Mkuu. Aliwaambia wao.

"Si wewe, mzee wangu," Mkuu akajibu. "Nisamehe."

Alibaki amesimama, akiwatazama mmoja mmoja, na watu wakawa wanainamisha vichwa. Kisha mtu mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Kazi kama hiyo mtu haifanyi peke yake. Nani mwingine alikuwepo?"

Mkuu alipitisha macho darasa zima. Yalinifikia, yakakaa kwangu muda ambao wengine hawakuweza kuugundua, yakapita.

"Nilikuwa mkuu wa kitengo," alisema. "Neno la mwisho lilikuwa langu."

"Na huyu mgeni uliyekuja naye?"

"Ni mtu wa Misima. Anauza mbegu Handeni."

Watu wakanigeukia. Baadhi wakanisalimu kwa kichwa, kwa heshima ya ugeni. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Kikao hakikufungwa, kilivunjika tu. Walitoka wawili wawili. Hakuna aliyemtukana. Mwenyekiti wa kamati alichukua faili lililokuwa mbele ya Mkuu, akalikumbatia, akaondoka nalo. Nje niliona watu watatu wamemzunguka yule mzee, mmoja wao amemshika mkono kwa mikono miwili na hauachii.

Mkuu alinisindikiza hadi barabarani. Tulitembea mpaka pikipiki ilipoonekana.

"Dada," nikasema, "kwa nini hukunitaja?"

Alinitazama kama alivyokuwa akitutazama penseli ilipokuwa imeshuka mara mbili.

"Nilikuachia nafasi ujitaje."

Nyuma yake watu walikuwa bado kwenye uwanja wa shule, wamesimama makundi makundi. Wangeweza kunisikia bila mimi kupaza sauti sana. Aliniambia nimsalimie mama, akageuka, akaenda zake kwa njia ya mashambani, peke yake.

Dereva wa pikipiki akauliza kama twende moja kwa moja hadi Korogwe. Nikamwambia ndiyo.